Bundi Aliyevunjika Bawa Si Mkosi wa Harusi Yako



Leo tunasema bila ya kupepesa macho. Sisi tunaoandika hapa tumeolewa visiwani, kwetu ni Nachingwea na Ruangwa, na pande zote mbili tunaliona jambo moja. Bundi akianguka uani na bawa limevunjika, hakuna anayeuliza ameumia wapi. Huulizwa ametumwa na nani. Watoto huachiwa wamalize kwa mawe na manati. Na kama nyumba ina harusi, minong'ono huanza: tarehe ibadilishwe, bwana harusi achunguzwe upya.

Dada zetu, hiyo si dini. Waarabu wa zama za ujahilia nao walimwogopa bundi. Akitua juu ya nyumba, walidai anatangaza kifo. Itikadi hiyo iliitwa haama, na Mtume (S.A.W.) aliikanusha kwa jina lake, pamoja na tiyara, yaani kuona nuksi kwa ndege. Hadithi hiyo wameipokea Bukhari na Muslim. Sasa vipi tufunge ndoa kwa jina la Allah, kisha tarehe yake tumwachie ndege?

Na wanaowaachia watoto mawe wakumbuke kisa cha Ibn Umar. Aliwapita vijana wa Kikureshi waliomfunga ndege wakimlenga kwa mishale. Walipomwona wakatawanyika, naye akawaambia kuwa Mtume (S.A.W.) amemlaani anayekifanya chenye roho kuwa shabaha.

Mtatuambia, "Lakini bibi alifariki usiku ule bundi alipolia." Bundi ni ndege wa usiku, kulia ndiyo kawaida yake. Mbona hatuhesabu usiku wote aliolia na sote tukaamka salama?

Sababu ya kuja majumbani haina uchawi. Nachingwea na Ruangwa ni nchi ya korosho, ufuta, mbaazi na mahindi. Penye ghala pana panya, na bundi hufuata panya. Yeye ni mlinzi wa chakula asiyedai mshahara. Mara nyingine kinachomwangusha ni panya aliyekula sumu, au gari lililompiga barabarani usiku. Na huku visiwani, Pemba ina bundi wake mdogo asiyepatikana kwengine popote duniani. Hiyo ni amana, si balaa.

Basi ukimkuta ameumia, fanya hivi. Waondoe watoto na paka. Mfunike kwa kanga nzito kichwa na mabawa, umshike juu ya kitambaa, na ujihadhari na kucha zake, maana ndizo silaha yake. Muweke ndani ya boksi lenye matundu ya hewa, mahali penye giza na kimya. Usimmiminie maji mdomoni, yatamwingia kwenye mapafu. Usimpe maziwa wala ugali; yeye ni mla nyama. Nawa mikono kwa sabuni. Kisha mpigie daktari wa mifugo au afisa wanyamapori wa wilaya. Usimfuge, kwani wanyamapori wanalindwa na sheria. Kama alizubaa tu baada ya kujigonga, jioni fungua boksi, ataruka mwenyewe.

Tunawaomba makungwi na masomo: mnapomfunda mwari usafi, mapishi na heshima ya mume, mfundeni na tawakkul. Bibi harusi anayemtetemekea bundi leo, kesho atamtetemekea mganga, na mganga hataki mawe, anataka pesa na siri za nyumba yake.

Na wewe uliyeambiwa uahirishe nikaha kwa ajili ya ndege aliyeanguka uani, swali istikhara, shauriana na walii wako, na ndege mpelekee boksi.

Wabillahi tawfiq.