Tabia Haifundishwi kwa Mabango

Tanzania haina uhaba wa sheria za kupambana na rushwa. Tulitunga Sheria ya Kuzuia Rushwa mwaka 1971, Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma mwaka 1995, kisha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa mwaka 2007, iliyozaa TAKUKURU. Tume ya Jaji Warioba ilikwishatueleza mwaka 1996 ugonjwa ulipo. Hata hivyo, kila kashfa inapozuka, wasomi wenzangu hukimbilia jibu lile lile: tuongeze sheria, tuimarishe mifumo, tupandishe mishahara. Jibu hilo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyosahauliwa ndiyo inayotugharimu.

Tutazame Richmond. Mwaka 2006, nchi ikiwa katika mgawo wa umeme kwa sababu ya ukame, kampuni hiyo ilipewa mkataba wa umeme wa dharura. Februari 2008, Kamati Teule ya Bunge iliyoongozwa na Dkt. Harrison Mwakyembe, mbunge wa Kyela, ilieleza kwamba kampuni haikuwa na uwezo wa kazi hiyo. Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu, akishikilia kuwa hakupewa nafasi ya kusikilizwa. Waliohusika na mkataba ule hawakuwa na njaa. Hawakukosa shahada wala wanasheria. Kanuni za manunuzi zilikuwepo. Aliyekosekana ni mtu wa kukataa kabla ya saini.

Mwaka 2015, chama kilichokuwa kimemwandama Lowassa kwa miaka kilimsimamisha kugombea urais, naye akapata karibu asilimia 40 ya kura. Swali la Richmond lilipoulizwa, jibu likawa: mwenye ushahidi aende mahakamani. Hakuna mahakama iliyomtia hatiani, nami simhukumu. Ninachokipinga ni jibu lenyewe. Uadilifu ulishushwa ukawa suala la kutofungwa jela tu, na sisi wapiga kura, wa chama tawala na wa upinzani, tukaridhika.

Wapo watakaoniambia dawa ni somo la maadili shuleni. Samaki mkunje angali mbichi. Nakubali, lakini nauliza: anakunjwa na nani? Mwanafunzi anakariri maana ya rushwa, anapata alama zote, kisha anarudi nyumbani kumsikia baba akisifu ujanja wa jirani aliyejenga ghorofa kwa mshahara wa karani. Somo lipi litashinda?

Wanyakyusa wa pwani hii ya kaskazini ya Ziwa Nyasa walijua jambo tulilolisahau. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyewachunguza katika miaka ya 1930, alieleza jinsi wavulana walivyoondoka nyumbani kwa baba zao wangali wadogo, wakajenga kijiji chao pamoja na rika lao. Humo walijifunza *ukwangala*, yaani kukaa vema na wenzao: kula pamoja, kuongea kwa adabu, kuvumiliana. Mkosaji alinung'unikiwa, na iliaminika kuwa pumzi ya majirani waliokasirika ingemletea maradhi. Sitamani imani hiyo irudi, maana ilichanganyika na hofu ya uchawi na iliwaumiza wengi. Ila msingi wake ni sahihi: tabia hujengwa kwa mazoezi, mbele ya macho ya watu ambao kauli yao ina uzito kwako.

Basi tuanze hapo. Wanafunzi washike fedha za darasa na kuzitolea hesabu mbele ya wenzao. Mkutano mkuu wa kijiji, unaopaswa kufanyika kila miezi mitatu, usomewe mapato na matumizi, na vijana wawepo wakisikia wazee wakihoji. Mkulima wa kakao Kyela anapopeleka mzigo kwenye chama chake cha ushirika, asome mizani mwenyewe, na mtoto wake asimame kando akitazama. Mtoto aliyemwona mama yake akidai kilo yake kwa heshima amepata somo ambalo bango la ofisini halitampa.

Nawe mtumishi wa umma unayesoma haya, TAKUKURU hufika baada ya jambo kutendeka. Faili linapofika mezani kwako, wewe ndiwe wa kwanza kulizuia. Na siku utakapolizuia, sisi majirani zako tusikuite mjinga.