Chura wa Kihansi na Mti wa Kilwa

Jina la chura wa Kihansi limevuma. Mti uitwao kitaalamu Karomia gigas haujulikani kwa wengi, ingawa nao umo hatarini kabisa. Yafaa viumbe hawa wawili wapimwe kwa mizani moja.

Chura huyo aligunduliwa mwaka 1996 katika korongo la mto Kihansi, milima ya Udzungwa, mahali palipoloweshwa daima na manyunyu ya maporomoko. Bwawa la umeme lilipojengwa na maji mengi kugeuzwa njia, manyunyu yalipungua. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura wapatao 500 walipelekwa Marekani kutunzwa, na mabomba ya kunyunyizia maji yakawekwa korongoni. Hata hivyo, mwaka 2003 idadi ya waliobaki iliporomoka ghafla, na ugonjwa wa kuvu ukaonekana miongoni mwao. Mwaka 2009 walitangazwa kuwa wametoweka porini. Wazao wa wale waliotunzwa walianza kurudishwa Kihansi mwaka 2012.

Mti huo nao ulikusanywa pwani ya Kenya mwaka 1977. Baadaye ulidhaniwa umetoweka, hata wataalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipouona tena wilayani Kilwa mwaka 2011. Miti iliyojulikana ilikuwa michache mno. Mbegu zake pia hushambuliwa na kuvu, na ni chache zinazoota. Mwaka 2018 matunda yake yalipelekwa bustani ya mimea ya Missouri, Marekani, ambako miche kadhaa ilipatikana.

Yuko atakayesema kwamba chura alistahili kutangulizwa, kwa kuwa kifo chake kilikuwa karibu. Hoja hiyo ina uzito, lakini inasahau tofauti ya maumbile. Chura akikosa manyunyu hutoweka upesi, na kila mtu huona. Mti mkubwa waweza kusimama miaka mingi bila kuacha mrithi, nao wapitao chini yake wakadhani u salama. Kwa mti, basi, swali la kwanza lisiwe mingapi imesimama, bali miche mingapi inakua.

Kihansi imeonyesha kwamba kuokoa kiumbe baada ya makao yake kuharibika ni kazi ya miaka mingi. Kwa hiyo msitu wa Kilwa ulindwe, na vitalu vya miche viimarishwe, wakati miti mizazi ingali hai. Walimu nao wawazoeze wanafunzi kuhesabu miche kila wanapozuru msitu.