Kiherehere si Woga

Uko msemo ambao siku hizi wasikika katika mazoezi mengi ya ngoma za mashindano, mashuleni na vyuoni: "Asiyejiamini asipande jukwaani." Hutamkwa kwa sauti nzito, kana kwamba ni hekima tuliyorithi kwa wazee. Mimi nasema si hekima, wala haukutoka kwa wazee. Ni kosa la kufikiri, na kosa hili lina gharama. Walipao gharama hiyo ni vijana wasio na hatia yoyote ila kwamba miili yao hutetemeka kabla ya kucheza.

Mwaka jana niliandamana na kundi la wanafunzi kwenye mashindano. Walikuwa wacheze bugobogobo, ngoma ya Wasukuma ichezwayo kwa majembe, ambayo mchezaji hulizungusha jembe, hulirusha juu na kulidaka bila kupotewa na mdundo. Msichana mmoja alikuwa ameongoza safu ya mbele kwa miezi mitatu ya mazoezi. Nusu saa kabla ya zamu yao, mkufunzi aliiona mikono yake ikitetemeka. Akamnyang'anya jembe mbele ya wenzake, akampa mwingine, akasema kwamba ngoma ya majembe haitaki mikono ya mwoga. Kundi lilishinda. Ushindi ule uliniudhi kuliko ambavyo kushindwa kungaliniudhi, maana mkufunzi sasa autoa kuwa ushahidi wa busara yake. Yule msichana hakurudi tena ngomani.

Nianze na lugha, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Mkufunzi alitumia neno moja, woga, mahali palipotaka maneno matatu. Mwoga ni mtu akimbiaye; woga hujulikana kwa tendo. Wasiwasi ni jambo jingine. Neno hili latoka katika Kiarabu, na asili yake ni mnong'ono: ni sauti ya ndani imwambiayo mtu kwamba ataanguka, atachekwa, ataaibisha kwao. Kiherehere ni jambo la tatu: ni moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, tumbo kuchafuka. Tena tazama ajabu ya neno hili. Mtu mwenye pupa, ajitiaye mbele katika shughuli kabla hajaitwa, naye pia twasema ana kiherehere. Neno moja limebeba hofu na hamu pamoja, kwa sababu waliolitumia waliona kwamba mwilini mambo hayo mawili hufanana. Msichana yule alikuwa na kiherehere. Hakukimbia, alikuwa amesimama mahali pake, jembe mkononi, akingoja zamu. Basi woga wake uko wapi?

Wataalamu wa nafsi wamefikia mahali karibu na hapo kwa njia yao. Rainer Martens na wenzake, katika kipimo chao cha hali ya mshindani kilichochapishwa mwaka 1990, waliyatenga mambo matatu: wasiwasi wa fikra, msukosuko wa mwili, na kujiamini. Maadam mambo hayo hupimwa mbalimbali, mtu aweza kuwa na msukosuko mkubwa wa mwili na bado akajiamini. Asomaye imani ya mtu katika vidole vyake asoma kitabu kwa kutazama jalada.

Liko na jambo jingine lihusulo wachezaji hasa. Mwaka 2007 Nicolas Rohleder na wenzake walitangaza uchunguzi wao juu ya wachezaji wa dansi ya mashindano huko Ujerumani. Waliyapima mate ya wachezaji ili kujua kiasi cha kotisoli, kemikali ambayo mwili huitoa unapokabiliwa na tishio. Siku ya mashindano ilipanda sana kuliko siku ya mazoezi, na kupanda huko hakukutokana na uchovu wa kucheza bali na kutazamwa na kuhukumiwa. La kustaajabisha zaidi ni kwamba mazoea hayakuiondoa: mwili wa aliyekwisha kushindana mara nyingi uliitika vilevile. Tena waliocheza wawili wawili, macho yote yakiwaelekea wao, walipata msukosuko mkubwa kuliko waliocheza katika kundi. Kama mambo ni hayo, basi tukimfukuza kila ambaye mwili wake washtuka, tutabaki na uwanja mtupu, na mabingwa watakuwa wa kwanza kutoka.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwamba jembe ni chuma, na likiponyoka mkononi laweza kumwumiza jirani. Hoja hii ina uzito, nami siidharau. Lakini anayeamua kama jembe litaponyoka atazame kudaka, asitazame kutetemeka. Mkufunzi angalimwambia msichana arushe na kudaka mara kumi pale pale kando ya uwanja. Angaliangusha, hoja ingekwisha, wala asingalihitaji kumwita mwoga. Angalidaka, hoja ingekwisha vilevile. Hakumjaribu. Alimhukumu kwa sura, kisha akaiita hukumu yake usalama.

Nitaambiwa pia kwamba wasiwasi ukizidi huharibu uchezaji. Ni kweli. Mchezaji asikilizaye mnong'ono wa ndani hupotewa na ngoma ya nje. Lakini aliye katika hali hiyo hasaidiwi kwa amri ya "Jiamini!", kama vile mwenye njaa hashibi kwa kuamriwa ashibe. Hebu tulipime neno lenyewe. Kuamini, amana na mwaminifu ni maneno ya shina moja. Amana ni kitu uwekewacho na mwenzio kwa kuwa akujua hutakipoteza. Kujiamini, basi, si kujivuna, wala si kifua kilichotunishwa; ni kujiona u mahali salama pa kuwekewa amana. Nani huweka amana ya ngoma ndani ya mchezaji? Mwalimu wake, wenzake na siku nyingi za kazi. Aliyemnyang'anya msichana jembe mbele ya watu alizitoa amana zote alizokuwa amewekewa kwa miezi mitatu, kisha akamlaumu kwa kuwa mtupu.

Sasa nije kwa wazee, madhali jina lao limetumiwa. Hao Wasukuma wenye bugobogobo wana vyama viwili vya ngoma vishindanavyo tangu karne ya 19, Bagika na Bagalu, ambavyo masimulizi huvinasibisha na waganga wawili, Ngika na Gumha, walioshindania uwezo wa dawa zao. Baada ya mavuno makundi mawili hucheza wakati mmoja, uwanja kwa uwanja, na watazamaji huhama huku na huku. Apataye watu wengi ndiye mshindi. Sijui mashindano makali kuliko hayo, ambamo mchezaji huona kwa macho yake watu wakimpa kisogo na kumwendea mpinzani. Kwa ajili hiyo manju na watu wake walitafuta dawa ya kuvuta watu na ya kujikinga. Mimi siiuzi dawa hiyo, wala siitetei. Nauliza tu: kama wachezaji wale hawakuwa na hofu, dawa ilikuwa ya nini? Desturi yenyewe yashuhudia kwamba hofu ilijulikana, ikatazamiwa, ikaandaliwa shughuli yake. Aliyekuwa na hofu alitengenezwa ili aingie uwanjani. Hakunyimwa uwanja kwa sababu anayo.

Na katika miji ya pwani vyama vya beni, kama vile Marini na Arinoti, vilishindana kwa sare, vyeo na gwaride, lakini wanachama wake walisaidiana pia katika ugonjwa na mazishi. Mchezaji aliingia uwanjani akijua kwamba hata akikosea hatua, wale walio nyuma yake watamwuguza na kumzika. Huko ndiko kujiamini kulikokaa: si katika kifua cha mtu mmoja, bali baina ya watu. Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Kutunza ni kumpa mchezaji zawadi, na kutunza ni kulea. Mashindano humtoa mchezaji kwao na kumweka mbele ya wageni wenye kalamu na alama. Kazi ya mkufunzi ni kumfanya aone kwamba bado yu kwao. Mkufunzi ageukaye kuwa hakimu wa kwanza amemwacha mwanafunzi bila kwao popote.

Basi nataka mambo matatu, wala si makubwa. Mkufunzi asimtoe mchezaji kwa sababu ya kutetemeka, ila kwa kosa la uchezaji lililoonekana. Mazoezi ya miezi ya mwisho yafanywe mbele ya watazamaji, kwanza wachache na wapenzi, kisha wengi na wageni, ili macho ya watu yasiwe jambo geni siku ya hukumu. Na mwanafunzi aambiwe mapema, kwa maneno wazi, kwamba moyo utakwenda mbio, kwamba ndivyo uendavyo kwa mabingwa pia, na kwamba mbio hizo ni za hamu kadiri zilivyo za hofu. Alison Wood Brooks, katika majaribio aliyoyatangaza mwaka 2014, aliona kwamba watu waliojiambia kabla ya kuimba au kuhutubia kuwa wana shauku walifanya vizuri kuliko waliojilazimisha kutulia. Mswahili hana haja ya kushangaa: neno lake la kiherehere lilikwisha kumweleza.

Yule mkufunzi ni msomi, na huenda akayasoma haya. Akiwa na jibu, na aliandike, nami nitalisoma kwa heshima. Lakini kabla hajashika kalamu, kwanza ampelekee msichana jembe lake.