Tarumbeta za Bagamoyo na Nyimbo za Njia

Wako ndugu wasemao ya kwamba bendi ya kanisa haifai kupiga nyimbo za wapagazi. Wasema: tarumbeta ni chombo cha Ulaya, basi ipigiwe nyimbo za Ulaya, nyimbo za msafara ni za kipagani, na mahujaji waendao Bagamoyo wasisikie kitu kama hicho. Maneno haya twayapinga.

Tuangalie kwanza habari za bendi yenyewe. Mapadre wa Roho Mtakatifu walivuka kutoka Unguja wakaanza kazi Bagamoyo mwaka 1868, wakawalea watoto waliokombolewa katika utumwa. Mwaka 1871 Stanley alipita hapo, akienda kumtafuta Livingstone. Baada ya chakula wakatoka wanafunzi wapata ishirini wenye vyombo vya shaba, wakapiga, wakaimba nyimbo za Paris za kusifu ushujaa wa Wafaransa. Stanley akastaajabu. Hatuwalaumu mapadre, maana walifundisha walichokijua. Walakini tufikiri: mtoto wa bara, aliyenunuliwa sokoni, asimame pwani ya kwetu kuusifu ushujaa wa Ufaransa, na huku wapagazi wa Unyamwezi wanaingia mji ule ule kwa nyimbo zao wenyewe!

Wala msafara haukuwa bila cha kupuliza. Kirangozi alitangulia na baragumu ya pembe ya tandala, akaipiga wakati wa kuondoka. Wimbo ukianza, mmoja aliita, wengi wakaitikia, na miguu ikafuata. Aliyepata kushika tarumbeta aona mara moja ya kuwa wimbo wa namna hii umekwisha kugawanywa: tarumbeta moja iite, zile kubwa za sauti nzito ziitikie, ngoma ishike hatua. Kinanda hakiwezi kazi hii, kwani hukaa ndani ya kanisa. Vyombo vya kupuliza hutembea pamoja na watu.

Na wale wasemao kwamba Wazungu wenyewe hawafanyi hivyo, na watazame Galicia, pembe ya Hispania ya kaskazini magharibi. Huko mahujaji huenda kwa miguu mpaka Santiago de Compostela, penye kaburi liheshimiwalo kuwa la Mtume Yakobo, nao wameifuata njia ile zaidi ya miaka elfu. Wenyeji wana chombo chao kiitwacho gaita, mfuko wa ngozi wenye mirija, ambacho sauti yake si mbali sana na zumari ya mwambao. Nyimbo za gaita ni za wachungaji na wasaga nafaka, si za maaskofu. Hata hivyo watunzi wa leo huzitwaa wakaziandikia bendi kubwa za kupuliza, wakaeleza kwa sauti safari ya hujaji tangu alfajiri mpaka mlango wa kanisa. Hatujasikia mtu akisema wamelitia kanisa unajisi.

Neno moja la wapinzani wetu lina uzito. Wauliza: njia ile si ndiyo iliyoleta watumwa? Mtapigaje furaha katika njia ya machozi? Ni kweli. Mpagazi alikuwa na ujira wake, mtumwa alikuwa na mnyororo, nao walikanyaga vumbi moja; hata jina la Bagamoyo watu hulieleza kwa njia mbili, wengine kwa raha ya kutua mzigo, wengine kwa kukata tamaa. Basi mtunzi asifiche. Na awepo mahali katika wimbo ambapo ngoma inanyamaza, ibaki sauti moja tu. Lakini kuacha wimbo wote kwa ajili ya hayo ni kuwazika wale watu mara ya pili.

Tena kanisa lenyewe halikukataza. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Liturujia ya mwaka 1963, uliagiza ya kwamba muziki wa jadi wa watu wa nchi za misheni upewe heshima na nafasi yake. Na wimbo wa taifa letu, upigwao kwa tarumbeta mbele ya wakuu, ulitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni huko Afrika ya Kusini. Naye alikuwa mwalimu kama sisi.

Twakumbuka pia habari za beni. Vijana wa pwani waliiga bendi za Wazungu, wakafanya ngoma zao, Marini na Arinoti, kwa maneno yao wenyewe. Wakubwa wa misheni wengi walikasirika. Kwa maoni yetu, kijana asiyepewa wimbo wake kanisani huutafuta uwanjani.

Sisi wa Mbegani tumeanza kuwaendea wazee na kuandika wanayoyakumbuka kwa do-re-mi. Wawili kati yao wamekwisha kufa kabla hatujarudi mara ya pili. Tarumbeta zipo, mwenye kujua kugawanya sauti za bendi, na atuandikie kabla ya mvua za masika.