Mgeni Aliyeshika Nyundo

Wahenga walinena kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii huifundisha kama onyo kwa mgeni mvivu, na aghalabu hatuulizi swali linalofuata: mgeni akishapewa jembe, akalima, akazaa na kulea wana na wajukuu papo hapo, je, angali mgeni? Swali hili latuhusu hasa sisi wa nchi ya majani chai, Bomet na Kericho, kwa maana kuna jamii iliyokwisha kulijibu kwa kazi ya mikono yake, nasi wanafasihi wa Kiswahili hatujaiandika.

Itakumbukwa kwamba ujenzi wa reli ya Uganda, kati ya 1896 na 1901, uliwaleta vibarua na mafundi wapatao 32,000 kutoka Bara Hindi, wengi wao wakiwa watu wa Punjab. Karibu 2,500 walifia kazini. Wengi wa waliosalimika walirejea kwao. Wachache walibaki, na wengine wakaja baadaye. Miongoni mwao walikuwamo Makalasinga: maseremala, wahunzi na waashi. Sera ya kikoloni iliwatengea Wazungu ardhi ya nyanda za juu. Kwa hiyo kampuni za chai zilipoanzisha mashamba makubwa Kericho katika miaka ya 1920, Kalasinga hakupata shamba. Alishika nyundo na spana.

Kutokana na nyundo hiyo yalizaliwa mengi. Joginder Singh alizaliwa Kericho mwaka 1932, akawa fundi wa magari. Mwaka 1965, yeye na nduguye Jaswant walishinda mashindano ya Safari Rally kwa gari la Volvo lililokwisha kutumika na wengine. Alishinda tena mwaka 1974 na 1976, kwa gari la Mitsubishi. Puran Singh naye alikuwa na karakana mjini Kericho, Kericho Wagon Works, kabla ya kuhamia Uingereza, ambako alikuwa kiongozi wa kiroho wa jumuiya ya Guru Nanak Nishkam Sewak Jatha ya Birmingham. Wafuasi wake humwita Kerichowale, yaani wa Kericho. Tuzingatie jambo hilo: mtu tuliyemhesabu mgeni kwetu alikwenda ugenini akajulikana kwa jina la mji wetu.

Fasihi yetu imewatendeaje watu hawa? Kalasinga mwenye sura kamili ya utu, ambaye pia ni fundi wa mitambo, tunamkuta katika riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994. Tulingoja hadi 2022 kumsoma kwa Kiswahili, Ida Hadjivayanis alipoitafsiri kwa jina la Peponi. Hata Safari Rally, mashindano yenye jina la Kiswahili, simulizi zake aghalabu huandikwa kwa Kiingereza.

Wapo watakaopinga. Watauliza: kwa nini tuwaandike waliokuja, ilhali Wakipsigis walionyang'anywa ardhi hawajaandikwa vya kutosha, na ukoo wa Talai uliohamishwa kwa nguvu hadi Gwassi katika miaka ya 1930 ungali unalilia haki? Hoja hii ni nzito, na haifai kupuuzwa. Lakini aliyemnyang'anya Mkipsigis shamba ndiye aliyemzuia Kalasinga asilimiliki. Isitoshe, wasifu si utenzi wa sifa. Mwandishi mwaminifu ataeleza pia kwamba ngazi ya kikoloni ilimweka Mwasia juu ya Mwafrika kwa mshahara, kwa shule na kwa makazi. Historia ya karakana na historia ya shamba ni kurasa za kitabu kimoja.

Mnamo Julai 2017 serikali iliwatambua Wakenya wa asili ya Kiasia kuwa jamii ya 44 ya taifa. Utambuzi wa serikali ni hatua njema, ila tamko halimfanyi mtu ajulikane na jirani yake. Hiyo ni kazi ya masimulizi, nayo ni kazi yetu. Lugha yenyewe imetutangulia: maneno chai, gari na karakana yalitujia kutoka ng'ambo ya Bahari ya Hindi, na hakuna anayeyaita mageni.

Ninapendekeza basi kwamba idara zetu za Kiswahili ziwahimize wanafunzi wa shahada ya kwanza na ya uzamili kuandika tasnifu za wasifu. Waende Kericho, Sotik na Bomet mjini, wawahoji mafundi wazee na wanagenzi waliofunzwa nao, Wakipsigis kwa Makalasinga, kwa Kiswahili walichotumia kuagizana spana na msumari. Joginder Singh alifariki mwaka 2013. Hatuwezi kumhoji tena. Waliomfahamu wanazidi kupungua kila mwaka, na tasnifu ya mwaka kesho huenda ikawakosa.