Gavana tajiri, na sisi tunaochimba

Ku Kilibula, ukikaa kidogo na vijana waliorudi kutoka Misisi, utasikia neno hili: Kivu ya Kusini inahitaji mutu kama Moïse Katumbi. Mutu mwenye pesa zake, hataiba zetu. Jezi ya Mazembe inavaliwa hata na watoto ambao Lubumbashi hawajaiona na macho. Sisi wa sendika tunaelewa, ila tunaomba neno hilo lipimwe kwanza.

Haki yake tumpe. Alianza na biashara ya samaki ku ziwa Mweru, na 1997 akaanzisha kampuni yake, Mining Company Katanga, ile wanaita MCK. Mwaka uleule akashika Mazembe. Alipochaguliwa gavana wa Katanga mwanzo wa 2007, alitengeneza barabara, na akasimamisha malori yenye kupeleka madini mabichi inje ya inchi: shaba isafishwe kwanza huku kwetu. Bei ya shaba ilipoanguka 2008, mabosi wengine walikimbia bila kulipa wafanyakazi, naye akawakemea mbele ya watu wote. Tungependa tusikie gavana mmoja wa huku akisema vile! Na hatuko wa chama yake.

Lakini MCK ilikuwa inafanya nini? Sutretansi. Kampuni kubwa ina mgodi, MCK inakuja na mashine na watu wake, inachimba, inabeba udongo, inalipwa. Njo kusema gavana alisimamia provinsi ya migodi, na kampuni aliyoianzisha ilikula ku migodi hiyohiyo. Aliiuza 2015, mwaka alioacha ugavana. Hatusemi aliiba. Tunasema hakuna mutu anaweza kuwa refa na mwenye timu siku moja, na yeye kama mutu wa mupira analijua hilo kutupita.

Wenye kufanya sutretansi wanajua uchungu wake. Unavaa kofia ileile, unaingia shimo lilelile na mwenzako wa kampuni kubwa, lakini kontra yako ni ya miezi mitatu, mushahara wako ni mdogo, na ukivunjika mguu wanasema “huyu si wetu”. Uchunguzi uliotoka 2021 juu ya migodi mitano mikubwa ya huko Kolwezi na kandokando ulikuta zaidi ya nusu ya wafanyakazi wako namna hiyo. Na tangu sheria ya 2017, sutretansi imewekewa kampuni za Wakongomani. Ni vizuri, ila njo mulango wenye wanasiasa wanapitia.

Huku kwetu mulango ni mwingine: kooperative, mashine za mtoni, nyumba za kununua zahabu. Mwezi wa saba 2024, gavana Jean-Jacques Purusi alisimamisha kazi ya madini katika provinsi nzima. Purusi ni profesa, si mufanyabiashara. Sasa tuseme aliyetia sahihi angekuwa na nyumba yake ya zahabu. Siku ya kufungua, nani angeingia wa kwanza?

Gavana hatumchagui sisi, wanamchagua wadeputé wa provinsi. Basi wale wa Uvira na Fizi wanaotuomba kura, kabla ya kumupa tajiri yeyote sauti yao, wamuulize mbele ya watu: kampuni zako ni zipi, zinafanya kazi ku mgodi gani, na wafanyakazi wako wana kontra ya namna gani? Na kama ku karatasi kuko jina la bibi yake ao la shemeji, ataje hilo pia.