Kitabu Mkononi mwa Mtunisha Misuli

Miongoni mwa picha za watunisha misuli zilizopigwa Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili, mna kundi dogo listahililo kuangaliwa na mwanaisimu: picha za mwanamume aliyevaa nguo haba, ameketi au amejilaza, anasoma kitabu. Wako wanaozipuuza kwa madai kwamba ni ashiki tupu; wengine husema kitabu ni kisingizio tu. Makala haya yanapinga rai zote mbili.

Hatukani kwamba kisingizio kilihitajika. Bob Mizer alianzisha Athletic Model Guild jijini Los Angeles mwaka 1945, na jarida lake, Physique Pictorial, likaanza kutoka mwaka 1951. Wanunuzi wengi walikuwa wanaume wapendao wanaume wenzao, wakati ambapo tendo la mapenzi hayo lilikuwa jinai katika kila jimbo. Illinois ndilo la kwanza kufuta sheria hiyo, mwaka 1961. Aidha, sheria ya mwaka 1873 ilikataza kutuma kwa posta chochote kilichohesabiwa kuwa kichafu. Ndipo wachapishaji wakajikinga kwa nguzo za Kiyunani, afya na sanaa. Mwaka 1962 Mahakama ya Juu, katika shauri la MANual Enterprises dhidi ya Day, iliamua kwamba majarida ya aina hiyo yaliyozuiwa na posta hayakuwa machafu kisheria.

Hata hivyo, kinga haielezi mvuto. Nguzo ya Kiyunani nayo ilikinga, lakini haituvuti kama kitabu kituvutavyo. Kwa maoni yetu, tofauti hiyo ni ya kisarufi. Mtunisha misuli anayesimama mbele ya kamera ni mtendwa: anatazamwa, anapigwa picha, anauzwa. Mpe kitabu, naye hugeuka mtenda: anasoma. Macho yake yameshuka ukurasani. Hayamwombi mtazamaji sifa. Mwili wake tunao, nia yake hatunayo. Na hata jina la kitabu likionekana, mawazo yake hayasomeki.

Hapa Kiswahili kinatusaidia. Kitenzi 'soma' hubeba maana ya kufuata maandishi kwa macho na ile ya kujifunza. Humzaa msomaji, humzaa na msomi. Aitazamaye picha hii kwa Kiswahili humwona mtu ambaye angali akijiongezea kitu, si umbo lililokwisha kuchongwa.

Kwa mnunuzi wa mwaka 1955, ambaye penzi lake lisingeweza kutajwa hadharani, hili halikuwa jambo dogo. Picha ilimwambia kwamba anayetamaniwa ana fikira zake, kwamba yawezekana kuketi naye jioni chumba kimoja, kila mtu na kitabu chake. Hayo ni matamanio ya maisha ya pamoja, na hakimu aliyepima urefu wa nguo asingeyaona.

Itasemwa kwamba pengine kijana yule hakusoma hata mstari mmoja. Haidhuru. Ishara haidai ukweli wa moyo wa mwenye kuitoa. Hudai kueleweka na mpokeaji. Nasi wanaisimu tukichagua ishara za kuchunguza kwa kigezo cha heshima yake, tutazikosa zile zilizobeba maneno ambayo watu hawakuruhusiwa kuyatamka.